Mechi za Mbarara na Manung'uniko Yetu



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo tangu muhula kuanza limetushughulisha bwenini, bombani, na hata njiani kwenda kanisani na msikitini. Wanafunzi wenzangu wanalijua sana. Lakini gazeti hili huwafikia pia ndugu zetu waliokwisha maliza shule, na wengine wao wako mbali. Haifai tuwaache gizani. Basi nitalieleza kwanza kwa ufupi.

Hadi mwaka jana timu yetu ya mpira ilikuwa ikishindana na shule za humu Nakivale na za jirani zetu wa Isingiro. Mechi zilikuwa 6 kwa mwaka. Tulizijua kama tujuavyo njia ya kwenda ziwani. Tulijua kiwanja kipi kina mteremko, golikipa yupi huogopa mpira wa juu, na mama yupi huuza mandazi nyuma ya goli. Mwaka huu walimu wa michezo wamepatana kulipanua duara hilo, na shule 4 za mjini Mbarara zimeingizwa. Ili zipatikane Jumamosi za kuwatosha wageni hao, mechi 2 za majirani zimefutwa, na mojawapo ni ile ya wenzetu wa upande wa Juru. Sasa mechi ni 8, na nusu yake ni dhidi ya watu wenye kocha wa kulipwa, viatu vya njumu kwa kila mchezaji, na kiwanja cha majani.

Orodha ilipobandikwa ubaoni kelele ziliinuka, wala hazijatulia hata leo. Nimezisikiliza kwa makini, nami naona kwamba ndani yake mna manung'uniko ya namna 3 yaliyochanganyika kama mchele na mawe. Wa kwanza wasema: tutafungwa, tutaaibika. Wa pili wauliza: nani atalipa nauli? Wa tatu wasikitika kwa kuwa mechi ya Juru imekufa. Maoni yangu ni haya. Hao wa kwanza hawana haki. Hao wa pili na wa tatu wana haki kamili. Na kwa bahati mbaya hao wa kwanza ndio wenye sauti kubwa, hata wenye haki hawasikiki. Mwalimu akisikia neno "tutafungwa" ana jibu tayari, tena jibu zuri: jifunzeni mpira. Akiisha kulitoa huenda zake nyumbani kunywa chai, na habari ya nauli haikuguswa hata kidogo.

Nianze na hofu ya kufungwa, maana nataka tuiweke kando.

Mwaka 2019 Kombe la Mataifa ya Afrika lilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 24, likachezwa Misri. Nilikuwa mtoto wakati huo, lakini nakumbuka kwamba humu kambini watu hawakulala mapema mwezi ule. Uganda ilikuwamo, Kongo ilikuwamo, na Burundi ilikuwamo. Wasomali, Waethiopia na Wanyarwanda hawakuwa na timu, basi wakagawana zetu, na wengine walibadili upande kila jioni bila kuona haya. Tarehe 22 Juni, mjini Cairo, Uganda iliifunga Kongo 2-0, mabao ya Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi. Siku ya pili yake wapo majirani walionyimana chumvi. Walakini Kongo nao hawakutoka mikono mitupu. Walifungwa tena na Misri, kisha wakawapiga Zimbabwe 4-0, na kwa kuwa timu zilikuwa nyingi, hata baadhi ya walioshika nafasi ya tatu katika kundi walivuka. Wakavuka nao.

Lakini hasa nataka tuitazame Burundi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa kuingia katika kombe hilo. Katika kundi lao walikuwamo Nigeria, Guinea na Madagascar, na Madagascar pia walikuwa wageni kama wao. Burundi walifungwa na Nigeria 1-0, na Madagascar 1-0, na Guinea 2-0. Hawakupata bao hata moja. Madagascar, wageni wa kundi lile lile, walitoka sare na Guinea, wakaifunga Burundi, wakaifunga Nigeria 2-0, wakaongoza kundi. Kisha wakawatoa Kongo kwa mikwaju ya penalti, na mwisho wakashindwa na Tunisia katika robo fainali.

Sasa, asemaye kwamba ratiba ngumu huwaua wanyonge atanionyesha Burundi, na asemaye kwamba huwainua atanionyesha Madagascar. Mimi naona wote wawili hawajathibitisha neno. Mpinzani mkali hakujengi wala hakubomoi. Hukuonyesha tu ulivyo, na wengine hawapendi kuonyeshwa.

Nilitaka kujua mambo haya yaonekanaje kwa mtazamaji, maana ndiye ninayemtetea hapa. Sokoni Base Camp kuna baba mmoja Mrundi ashonaye viatu, mpenzi mkubwa wa mpira. Nikamwuliza, "Mzee, haingalikuwa afadhali kama msingalikwenda Misri?"

Akacheka, akaweka sindano chini. "Mwanangu, nililingoja jambo hilo tangu nilipokuwa kama wewe. Kufungwa na Nigeria bao 1, hata hiyo kwetu ni hadithi. Ungependa nikusimulie nini, tulivyokaa nyumbani?"

Basi nawauliza wenzangu waogopao: mwaka jana tulishinda mechi 5 kati ya 6. Ni nani kati yetu awezaye kunisimulia 3 katika hizo bila kuzichanganya? Na tulipokwenda kwenye mashindano ya wilaya tulitolewa siku ya kwanza, tukarudi tukisema refa alikuwa mbaya. Refa hakuwa mbaya. Tulikuwa hatujapata kuona watu wapigao pasi mbio namna ile.

Juu ya viatu sitasema mengi. Ni kweli njumu zina faida, hasa kiwanja kikilowa. Zauzwa mitumba sokoni Mbarara, na jambo linunulikalo si jambo la kutuliza.

Sasa nije kwenye manung'uniko yenye haki, na hapa naomba wasomaji wanifuate hadi Marekani, kisha tutarudi pamoja.

Kaka mmoja aliyesoma hapa alihamishiwa jimbo la Iowa pamoja na wazazi wake, kama walivyohamishiwa Marekani wengi wa Nakivale. Yeye hufanya kazi na wenyeji, naye ameniandikia kwamba ikifika siku ya Jumatatu hawana maneno ila mpira wa vyuo vikuu. Mpira wao si huu wetu. Hushikwa mkononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu wakagongana kama madume ya ng'ombe wa Ankole. Lakini msidhani ni mchezo mdogo ati kwa kuwa wachezao ni wanafunzi. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan hukalisha watu zaidi ya 107,000. Mbarara nzima haina hata kiwanja kimoja cha kukaribia robo ya hicho.

Vyuo hivyo vimejigawa katika mashirikisho, na mashirikisho hayo yamepanuliwa sana, hasa kwa ajili ya fedha za televisheni. Liko moja liitwalo Big Ten, yaani Kumi Wakubwa. Tangu mwaka 2024 Kumi hao wako 18. Wenzangu mnaosoma hesabu mtanifafanulia. Liko jingine lenye jina la pwani ya Atlantiki, nalo limewapokea Stanford na California, ambao wako upande wa pili kabisa wa nchi, kwenye Pasifiki. La tatu, SEC, ni la majimbo ya kusini. Lilipokea Texas na Oklahoma mwaka huo huo wa 2024, likawa na vyuo 16. Mwaka 2025 likakata shauri kwamba kuanzia 2026 kila chuo kitacheza mechi 9 za ndani ya shirikisho badala ya 8.

Kaka yangu huyo asema kwamba manung'uniko aliyoyasikia kazini ni haya haya yetu, ila kwa Kiingereza cha puani. Wengine waogopa kwamba ratiba ni ngumu mno na timu yao itakosa nafasi ya kugombea ubingwa. Kwa hao nina mfano mmoja tu. Chuo cha Indiana kwa miaka mingi kilihesabiwa miongoni mwa wanyonge wa Big Ten. Mwishoni mwa 2023 kilimpata kocha mpya, Curt Cignetti. Mwaka uliofuata shirikisho likapanuliwa. Januari 2026 Indiana waliwafunga Miami 27-21, wakawa mabingwa wa nchi nzima, tena bila kushindwa hata mara moja katika mechi 16. Sisemi kwamba upanuzi ndio uliowapa kombe. Fedha zilifanya kazi, na wachezaji waliohamia kutoka vyuo vingine walifanya kazi. Nasema tu kwamba upanuzi haukuwazuia.

Lakini wako Wamarekani wengine wasiolalamikia ugumu. Walalamikia njia. Vyuo vya Los Angeles sasa vimo katika shirikisho moja na Rutgers ya New Jersey, na kati yao pana kiasi cha kilomita 4,000. Mpenzi wa mpira aliyezoea kumfuata kijana wake kwa motokaa siku ya Jumamosi sasa hana budi kupanda ndege au kukaa nyumbani. Ratiba hupangwa na wenye fedha za televisheni, na televisheni haina miguu ya kuchoka.

Tena wako walialiao mechi zao za zamani. Chuo cha Oklahoma na kile cha Oklahoma State viko katika jimbo moja, karibu kiasi kwamba mtu aweza kwenda na kurudi siku moja. Walishindana kwa zaidi ya miaka 100. Baba alimpeleka mwanawe, mwana akampeleka mjukuu. Mwaka 2023 walicheza, Oklahoma State wakashinda 27-24, kisha Oklahoma wakahamia SEC na mchezo ukafa. Haukufa kwa kukosa watazamaji, ulikosa Jumamosi. Je, si hivyo hivyo ilivyokufa mechi yetu ya Juru?

Lakini hata huko Marekani si kila mahali palipokuwa na msiba. Texas na Texas A&M waliacha kuchezana mwaka 2011, wakanyamaziana miaka 13, na upanuzi huo huo wa 2024 ukawarudisha uwanjani. Na vyuo viwili vya jimbo la Washington vilipotenganishwa mwaka 2024, vilifanya jambo la busara ambalo nataka walimu wetu wa michezo walisome mara 2: viliandikiana mkataba wa kuendelea kuchezana kila mwaka nje ya shirikisho. Hakuna aliyewazuia. Waliketi wakapatana, basi.

Turudi nyumbani. Hata huku kwetu wapenzi wa Mbarara City wanaijua adha ya njia. Timu yao ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017, waliokwenda Kakyeka waliziona timu kubwa za Kampala kwa macho yao, nayo ilikuwa furaha kubwa. Walakini kila furaha ya Kakyeka ililipiwa kwa safari ya ugenini. Kampala ni kilomita 270 hivi. Onduparaka walikuwa Arua, pembe nyingine kabisa ya Uganda, na anayetoka Mbarara kwenda huko hupoteza siku nzima njiani kabla hajaona mpira. Timu ilikwenda, maana ni lazima. Mpenzi wa kawaida, muuza ndizi au dereva wa boda, alifuata kwa redio.

Sasa hesabuni ya kwetu. Kutoka hapa mpaka Mbarara ni kama kilomita 60, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, mpaka uifikie lami. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yatupa ruhusa ya kwenda tupendako katika Uganda, kwa hiyo hakuna atuzuiaye barabarani. Kituzuiacho ni nauli. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula umegawanywa kwa makundi kulingana na shida ya kila nyumba, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa katika orodha. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto hamwendei mama yake kuomba fedha ya kwenda kutazama mpira. Na akienda, mimi nitamcheka. Wala jambo hili si la wakimbizi peke yao. Wenzetu Waganda wa vijiji vya jirani, ambao wazazi wao huuza matoke, hawana fedha za kuchezea zaidi yetu.

Shule imesema italipia teksi 1. Teksi hubeba watu 14: wachezaji 11, wa akiba 2, na mwalimu. Hata mwenye kubeba maji hana nafasi. Mwaka jana tulipokwenda Juru kwa miguu tulikuwa zaidi ya 60, pamoja na ngoma 2 za Wakongo na tarumbeta moja ambayo hakuna ajuaye ilitoka wapi. Wazazi walikuja. Wazee waliketi chini ya mti wakatusema vibaya. Kwa ratiba hii mpya, nusu ya mechi zetu zitakuwa kama mtihani: vijana 13 watafungiwa katika gari, watapelekwa mjini kupimwa, na jioni watatuletea namba 2 za kuandika ubaoni.

Na si hayo tu. Wengi hawakuisoma orodha mpaka chini. Katika mechi 4 za Mbarara, 3 zitachezwa kwao na 1 tu kwetu. Nilimwendea Bwana Mwalimu wa michezo nikamwuliza sababu, naye, kwa kuwa ni mtu wa haki, hakunificha. Alisema wenzetu wa mjini wamekiona kiwanja chetu na kusema hakifai. Nikamwuliza kama twaweza kukitengeneza. Akasema, "Nani amekuzuia?"

Hapo ndipo nilipoona ni nini tulichopaswa kupigia kelele tangu mwanzo, badala ya kulia kwamba watu wa mjini wana nguvu. Tudai mechi 2 kwetu na 2 kwao. Wao wana basi la shule. Barabara hiyo ya vumbi si mbaya kwao kuliko ilivyo kwetu, tena watu wetu wote watauona mchezo bila kulipa senti. Mama wa mandazi naye atapata riziki yake. Kwa hizo 2 za mjini, nawaomba kaka zetu waliomaliza, na hasa wale 2 walio na malori ya kubeba matoke, wasituletee jezi mwaka huu. Jezi tunazo. Watupe lori lililo tupu Jumamosi 2, lenye bodi nzima na dereva asiyekunywa. Wakitupa hilo, ngoma zitafika Mbarara.

Ama mechi ya Juru, hiyo haihitaji fedha wala kibali cha mjini. Ichezwe siku ya Jumatano baada ya masomo, nje ya orodha, kama walivyofanya wale wa Washington. Nimeonana na nahodha wao kwenye bomba la maji. Amesema wao wako tayari, na kwamba tumekuwa tukiwakimbia. Sikumjibu, maana nyuma yake walisimama wenzake 4.

Najua wapo watakaosema kwamba nikiwa si mchezaji ni rahisi kwangu kuwakaribisha wakali, kwani si mguu wangu utakaopigwa. Neno hilo ni la kweli kiasi. Lakini nilimwuliza golikipa wetu, ambaye ndiye atakayeziokota nyavuni, naye akanijibu kwamba afadhali afungwe 4 mbele ya watu wake kuliko kufungwa 1 mbele ya watu asiowajua. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Iliyobaki ni kazi ya mikono. Wenzetu wa mjini watakuja kukitazama tena kiwanja mwisho wa mwezi, na jibu lao ndilo litakaloamua kama mechi ni 3 kwa 1 au 2 kwa 2. Goli la upande wa ziwa lina shimo linalojaa maji kila inyeshapo. Mstari wa kulia umekuwa njia ya ng'ombe, na mwenye ng'ombe amekwisha ahidi kuwapitisha nyuma ya jiko iwapo tutamwekea uzio wa miiba. Udongo wa kujazia upo kando ya shamba la shule. Majembe 9 yako stoo, na ufunguo anao kiranja wa bustani. Mimi nitakuwapo Jumamosi saa 1 asubuhi, na golikipa amesema atakuja na toroli.